Wasomaji Wanauliza: Mtoto wa Darasa la Awali, Hesabu za Uchumi na Misingi ya Elimu

Barua za safari hii zimetoka kwa wanachuo wa ualimu na walimu walio kazini. Wengi wameuliza kuhusu kozi tatu ambazo vyuoni hufundishwa na wakufunzi tofauti, katika vyumba tofauti, kana kwamba hazijuani: elimu ya awali, uchumi, na misingi ya elimu. Katika majibu yetu tumejaribu kuzikutanisha, na kila nadharia tumeisukuma mpaka ifike kwa mtoto mwenyewe. Nadharia ambayo haibadilishi chochote katika kipindi cha Jumatatu asubuhi bado haijaeleweka, hata kama jina la aliyeitunga limeandikwa kwa usahihi.

Shikamooni walimu. Nipo mwaka wa kwanza, stashahada ya elimu ya awali. Wananadharia wa makuzi na ujifunzaji wa mtoto, Piaget, Vygotsky, Erikson na Montessori, nimewakariri wote, lakini swali la mtihani likija na kisa cha mtoto, najikuta nimewamwaga wote wanne kwenye karatasi na maksi sipati. Nifanyeje? – Mwanachuo, Tabora

Marahaba. Acha kuanza na majina. Anza na swali ambalo kila mmoja wao alikuwa akilitafutia jibu. Piaget aliuliza mtoto wa umri huu anafikirije. Vygotsky, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, aliuliza mtoto anaweza nini akisaidiwa, na msaada wenyewe uweje. Erikson aliuliza mtoto anajionaje mbele ya watu waliomzunguka. Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwezi Januari 1907, aliuliza mazingira yapangweje ili mtoto ajifunze kwa mikono yake.

Sasa chukua kisa: mtoto wa miaka 5 amejimiminia uji, umemwagika, amekaripiwa, na tangu siku hiyo hagusi jagi. Kisa kikimalizikia kwenye woga wa kujaribu, mwenye jibu ni Erikson: kati ya miaka 3 na 6 mtoto yuko kwenye mvutano wa kuthubutu kuanzisha jambo au kubaki na hatia. Mtahini akiuliza mwalimu apange nini ili mtoto afaulu kumimina, hapo ni Montessori: jagi dogo linaloshikika, lililojazwa nusu, limewekwa kwenye trei, na kitambaa cha kufutia pembeni. Akiuliza ni lini mwalimu amshike mkono na lini amwachie, huyo ni Vygotsky. Kisa ni kile kile. Kinachochagua nadharia ni swali.

Kwa Piaget, usimkariri, mfanyie jaribio. Utahitaji chupa mbili za plastiki zinazofanana, zilizokatwa shingo, na chombo cha tatu kirefu chembamba. Tia maji mililita 200 katika kila chupa. Muulize mtoto kama maji yanalingana, na usiendelee mpaka yeye mwenyewe akubali. Akiona moja imezidi, mwache aongeze au apunguze. Kisha mimina maji ya chupa moja kwenye chombo chembamba, mbele ya macho yake, na uulize tena. Mtoto wa miaka 4 au 5 kwa kawaida atakuambia ya chombo chembamba ni mengi, kwa sababu yamepanda juu. Muulize kwa nini, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema.

Jaribio hili huharibiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuuliza "wapi yamezidi?", swali ambalo tayari limemwambia mtoto kwamba mahali pamoja pamezidi. Uliza "yanalingana, au hayalingani?" Ya pili ni kumkunjia uso anapojibu. Ya tatu ni ngumu zaidi, na ndiyo hoja ya wakosoaji wa Piaget: mtu mzima akirudia swali lile lile mara mbili, mtoto hudhani jibu lake la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha kwa heshima tu. Ukiitaja hoja hiyo kwenye mtihani, mtahini ataona kwamba umefikiri. Darasani inakufundisha jambo moja kubwa: mtoto anayelia kwamba kikombe cha mwenzake kirefu kina uji mwingi si mlafi wala si mkaidi. Anaona urefu, upana bado haujaingia kwenye hesabu yake. Kumweleza kwa maneno ni kazi bure. Mpe vikombe amimine mwenyewe, leo, kesho na keshokutwa.

Mkufunzi amenirudishia andalio la somo mara mbili, ameandika "lengo halipimiki". Lengo langu ni "Mtoto aelewe namba 5." Kuna ubaya gani? – Mwanachuo, Mwanza

Ubaya ni kwamba kuelewa hakuonekani. Lengo linalopimika lina mambo manne: nani, afanye kitendo gani kinachoonekana, akiwa na nini, na kwa kiwango gani. Kwa mfano: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mtoto aweze kuhesabu vizibo 5 kwa kugusa kimoja kimoja, kisha kutaja jumla bila kuhesabu upya, mara 2 kati ya 3."

Hayo maneno "kutaja jumla bila kuhesabu upya" tumeyaweka makusudi. Mtoto anayeimba moja mpaka kumi anajua wimbo. Kuhesabu kunadai zaidi: kila kitu kipewe jina moja la namba, majina yafuate mpangilio ule ule kila mara, na namba ya mwisho kutajwa iwe ndiyo idadi ya vyote. Kisha ajue kwamba kinachohesabiwa kinaweza kuwa chochote, na kwamba ukianzia kulia au kushoto idadi haibadiliki. Muulize mtoto "vingapi?" baada ya kuhesabu vitano, akianza tena "moja, mbili...", jambo la tatu bado. Kipimo kizuri zaidi ni kumwambia "nipe vizibo vitano" akiwa na rundo mbele yake. Wengi wanaohesabu vizuri kwa mdomo watakupa konzi nzima.

Sasa muda. Kipindi ni dakika 20. Tumia 3 kwa utangulizi, 7 kwa maarifa mapya, 6 kwa mazoezi, na 4 kwa tathmini na kufunga. Vipindi vingi vya wanachuo hufia kwenye kugawa zana. Darasa la watoto 60, kila mmoja vizibo 5, ni vizibo 300. Ukianza kugawa kwa mkono, dakika 10 zimekwenda. Andaa jana yake: vikundi 10 vya watoto 6, kila kikundi kopo moja lenye vizibo 30, na kiongozi wa kikundi ndiye anayekuja kuchukua. Vizibo vioshwe kwa sabuni, na vyenye ncha kali vitupwe. Kwa watoto wadogo ambao bado wanapeleka kila kitu mdomoni, weka kando vizibo na mbegu, tumia vitu vikubwa kama maboksi ya viberiti au magunzi ya mahindi.

Tunajua viwango vya Tanzania vinataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na tunajua madarasa mengi hayako hivyo. Kwa hiyo usiandike kwenye andalio kwamba utampima kila mtoto siku hiyo hiyo, maana utakuwa umeandika uongo. Panga watoto 12 kwa siku. Kwa siku tano za wiki umewafikia wote 60, na kila mmoja ana alama ya kweli kwenye daftari lako.

Sehemu ya tafakuri nayo usiijaze sentensi ya "somo limekwenda vizuri". Andika nani hakufika kwenye lengo, alikwama wapi, na kesho utaanza naye vipi. Mstari mmoja unatosha.

Nachukua shahada ya sanaa na elimu, uchumi ni somo langu la kufundishia. Swali la mnyumbuko wa mahitaji (kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei ikibadilika): takwimu zile zile zinanipa majibu mawili. Mimi nimekosea au kanuni ina walakini? – Mwanachuo, Dodoma

Hujakosea, na jibu lake ni zuri kulifundisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule binafsi ya awali inatoza shilingi 200,000 kwa muhula na ina watoto 60. Inapandisha ada hadi 240,000, watoto wanabaki 51.

Ukianzia ada ya zamani: ada imepanda kwa asilimia 20, watoto wamepungua kwa asilimia 15. Gawa 15 kwa 20, unapata 0.75. Iko chini ya 1, kwa hiyo mahitaji hayanyumbuki sana. Sasa fikiria shule hiyo inarudisha ada kutoka 240,000 hadi 200,000 na watoto wanatoka 51 hadi 60. Ada imeshuka kwa asilimia 16.67, watoto wameongezeka kwa asilimia 17.65. Gawa, unapata 1.06, yaani mahitaji yananyumbuka. Pointi ni zile zile mbili, lakini hukumu zimegongana, kwa sababu asilimia hubadilika kulingana na unapoanzia.

Ndiyo maana hutumika kanuni ya nukta ya kati: mabadiliko yote hugawanywa kwa wastani wa pande mbili. Wastani wa watoto ni 55.5, kwa hiyo 9 gawa kwa 55.5 ni 0.162. Wastani wa ada ni 220,000, kwa hiyo 40,000 gawa kwa 220,000 ni 0.182. Mnyumbuko ni 0.89, uende uendako. Alama yake ni hasi kwa kuwa ada na idadi vinakwenda kinyume. Wahadhiri wengi huiacha, lakini sema kwenye jibu lako kwamba umeiacha.

Hakiki kwa mapato. Mwanzo: 60 mara 200,000 ni shilingi 12,000,000. Baadaye: 51 mara 240,000 ni 12,240,000. Mapato yamepanda kidogo, jambo linaloafikiana na mnyumbuko ulio chini ya 1. Jibu lako la mnyumbuko likipingana na mapato, rudi ukatafute kosa.

Wanafunzi wengi huishia hapo, na hapo ndipo uchumi unapoanza kunoga. Gharama za shule hiyo zimegawanyika. Pango na mishahara hazibadiliki watoto tisa wakiondoka. Uji unabadilika, tuseme ni shilingi 30,000 kwa mtoto kwa muhula, basi shule imeokoa 270,000. Ukijumlisha na nyongeza ya mapato ya 240,000, mwenye shule amesogea mbele kwa 510,000. Lakini swali la uchumi wa jamii ni wale tisa wamekwenda wapi. Wakihamia darasa la awali la serikali, gharama imehamia kwenye bajeti ya umma. Wakibaki nyumbani, dada yao wa miaka 10 huenda akaacha shule ili awalee, na hiyo ni gharama kubwa ambayo haimo kwenye daftari la mwenye shule. Mpe mwanafunzi wako wa kidato cha tano mfano huu kabla ya kumchorea grafu yoyote.

Kozi ya uchumi wa elimu: tumeambiwa kila dola inayowekezwa katika elimu ya awali hurudi mara saba. Naweza kuiandika hivyo kwenye insha? – Mwanachuo, Iringa

Ukiiandika hivyo bila maelezo, msomaji makini ataikata. Chanzo chake ni mradi wa Perry, ulioanza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Watoto 123 kutoka familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa kwa bahati nasibu: 58 wakaingia darasani, 65 hawakuingia, na wote wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Hesabu iliyotolewa walipofika miaka 27 ilionyesha kila dola moja imezaa faida ya kama dola 7 kwa jamii, sehemu kubwa ikitokana na kupungua kwa uhalifu. Baadaye, mwaka 2010, mchumi James Heckman na wenzake waliirudia hesabu hiyo kwa ukali zaidi, wakapata faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka.

Mara saba na asilimia saba kwa mwaka ni vitu viwili, na wanachuo wengi huvichanganya kwa sababu tarakimu ni moja. Ya kwanza ni jumla ya faida ukilinganisha na gharama. Ya pili ni kasi ambayo fedha inakua kila mwaka.

Halafu angalia kilichonunuliwa. Perry ilikuwa na mwalimu mwenye shahada kwa watoto kama sita, darasa la saa mbili na nusu kila asubuhi ya siku za kazi, na mwalimu alimtembelea kila mtoto na mama yake nyumbani saa moja na nusu kila wiki. Kuchukua matokeo ya huduma hiyo na kuyabandika kwenye darasa la watoto 90 wanaokaa sakafuni ni kosa la hoja. Sema hivi: elimu ya awali iliyo bora inaweza kulipa sana, na ubora ndio uliolipa. Mtu akitumia tarakimu za Perry kutetea madarasa yasiyo na walimu wenye sifa, mpinge.

Insha yako itapata nguvu ukieleza kupunguza thamani kwa muda. Manufaa ya mtoto wa miaka 5 huonekana akiwa na 25. Shilingi 100,000 itakayopatikana miaka 20 ijayo, kwa kiwango cha asilimia 7, leo ina thamani ya takriban shilingi 25,800. Kwa kiwango cha asilimia 10, ni 14,900 tu. Kiwango anachochagua mwenye kupanga bajeti kinaweza kuinua mradi wa awali au kuuzika bila hata mtoto mmoja kutajwa, kwa hiyo kila unapoona hesabu ya faida, tafuta kwanza kiwango kilichotumika.

Usisahau upande wa pili wa mjadala. Wachumi Theodore Schultz na Gary Becker walitoa hoja kwamba elimu humwongezea mtu uwezo wa kuzalisha. Michael Spence, mwaka 1973, alionyesha kwamba cheti kinaweza kuwa ishara tu kwa mwajiri kuhusu uwezo aliokuwa nao mtu tangu mwanzo. Kwa shahada mjadala huo ni mkali. Kwa mtoto wa awali hoja ya ishara ni dhaifu, kwani hakuna mwajiri anayeuliza ulisoma chekechea gani. Wachache huitumia pointi hiyo.

Ukitaka mfano wa jirani, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza shule 75 huko Busia, magharibi mwa Kenya, watoto walipopewa dawa za minyoo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, utoro ulipungua kwa takriban robo. Kidonge cha bei ndogo kilirudisha watoto shuleni, wakiwemo ambao hawakumeza, kwa sababu maambukizi yalipungua. Hapo umepata mfano wa manufaa yanayomfikia asiyelipa, na umeutoa Afrika Mashariki.

Misingi ya Elimu: nimeulizwa nijadili Elimu ya Kujitegemea. Nimeeleza shamba la shule kurasa tatu, nimepata 8 kati ya 20. – Mwanachuo, Songea

Shamba ni tawi. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea ulitoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, na kiini chake ni kwamba elimu iliyorithiwa ililenga wachache. Alitaja kasoro nne: imewekwa kwa ajili ya wateule, inamtenga mwanafunzi na jamii yake, inaheshimu maarifa ya vitabu peke yake, na inawaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji. Kisha akaleta hoja ya kiuchumi: karibu asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi ndio waliokuwa wakipata nafasi ya sekondari. Kama ni hivyo, shule ya msingi haiwezi kuwa ngazi ya kwenda kwingine. Lazima ijitosheleze yenyewe. Kila pendekezo lake linatoka hapo: mtihani upunguziwe uzito, wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuona hesabu za mapato yake, na shamba liwe mahali pa kujifunza kuamua. Shule zilizogeuza shamba kuwa adhabu ya wachelewaji zilikiuka waraka wenyewe, na hilo liandike.

Mwanachuo wa elimu ya awali ana jambo la ziada la kusema. Nyerere alipendekeza umri wa kuanza shule usogezwe mbele, ili anayemaliza awe amekomaa vya kutosha kufanya kazi kijijini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na Sera ya 2014, toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa awali, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, huku elimu ya lazima ikiwa miaka 10. Kwa nini kilichokuwa sahihi 1967 kimegeuzwa? Kwa sababu mwisho wa safari umebadilika: mtoto hatarajiwi tena kumalizia darasa la saba na kwenda shambani. Insha inayolinganisha hivyo inajadili. Kurasa tatu za shamba zinaeleza tu.

Tarehe za kukaa nazo: Azimio la Musoma Novemba 1974, lililoweka lengo la elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977.

Mimi ni mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali hapa Kenya. Naongeza masomo, na natakiwa kupeleka rekodi za kuwachunguza watoto. Mhadhiri anasema rekodi zangu ni hukumu. – Mwalimu, Kilifi

Tunadhani umeandika kitu kama "ni mvivu, hapendi kushirikiana". Hiyo ni hukumu kweli. Rekodi inasema kilichoonekana na kusikika: tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo, mtoto alifanya nini, alisema nini. Mfano: "Saa 3:10 asubuhi, kona ya ujenzi. Ameshika vipande viwili vya mbao, anawatazama wenzake watatu kwa dakika 4. Mmoja amemwambia 'lete hicho'. Amekipeleka, akarudi mahali pake." Chini ya mstari, kando kabisa, andika tafsiri yako: pengine anataka kuingia kwenye mchezo na hajui aanzeje. Kisha hatua: kesho mpe kazi ya kugawa vipande, ili wenzake wamfuate yeye.

Mchunguze mtoto mmoja dakika 5 kwa wakati mmoja, na umchunguze katika nyakati tatu tofauti kabla ya kusema lolote kuhusu tabia yake: asubuhi, wakati wa kucheza nje, na baada ya chakula. Anayekaa kimya asubuhi huenda hajala. Anayeonekana hasikii maelekezo huenda kweli hasikii, kwa hiyo simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida, na ikibidi mweleze mzazi ampeleke zahanati.

Andika maneno ya mtoto kwa lugha aliyoyasema. Akisema Kigiriama, yaandike hivyo, kisha tafsiri pembeni. Ukiyageuza moja kwa moja kuwa Kiingereza, umepoteza ushahidi wa lugha ambayo mtoto anafikiria nayo. Na jina la mtoto lisitokee kwenye rekodi unazopeleka chuoni, tumia herufi.

Uliuliza pia nani wa kumfuata kuhusu ajira. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, elimu ya chekechea iko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo nafasi hutangazwa na kaunti.

Nimemaliza kidato cha sita, EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Nisome ualimu wa uchumi au wa elimu ya awali? – Kijana, Shinyanga

Jua kwanza soko la kila mmoja. Uchumi kama somo linalojitegemea hufundishwa kidato cha tano na sita, katika tahasusi kama EGM, HGE (historia, jiografia na uchumi) na ECA (uchumi, biashara na uhasibu), kwa hiyo shule zinazomhitaji mwalimu wake ni chache. Ukichukua njia hiyo, somo lako la pili la kufundishia ndilo litakalokubeba, na kwako wewe hisabati ni bora kuliko jiografia kwa sababu kila shule inaitafuta. Darasa la awali liko karibu kila shule ya msingi, ila kazi yake inataka mtu anayeweza kukaa sakafuni na watoto saa nne bila kukasirika. Hilo hakuna tahasusi inayolipima. Omba ruhusa ukae wiki moja kwenye darasa la awali la jirani kabla ya kujaza fomu.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo cha stashahada kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na kwa shahada soma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo huo, maana sifa za kujiunga hubadilika.

Unga wa kufinyangia tunaotengeneza chuoni unanata mikononi na kuoza siku ya tatu. – Wanachuo watatu, Tanga

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vya mafuta ya kula, na maji yasiyozidi kikombe 1. Changanya vikavu kwanza, tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo huku mkikanda, na mwache kuongeza pale donge linapoacha kushika bakuli. Linawatosha watoto sita hadi wanane. Bila shaka nyinyi mmemimina maji yote kwa mkupuo na kupunguza chumvi. Chumvi ndiyo inayozuia kuoza. Ila chumvi hiyo hiyo huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ni nzito, kwa hiyo hifadhini kwenye kopo lenye mfuniko unaobana na muongeze unga konzi moja likilegea. Rangi, tieni manjano kijiko kimoja cha chai. Watoto wasile, maana chumvi ni nyingi.

Mahali ambapo unga ni wa kula na hautoshi, wazazi watanuna, na wana haki. Chukueni udongo wa mfinyanzi, chekecheni mawe, loweka usiku kucha, kandeni mpaka usiwe na mapovu ya hewa, na uhifadhiwe umefunikwa kwa kitambaa kibichi. Ukikauka hupondwa na kulowekwa upya, wala haumalizi bajeti ya mtu.